Mkuu Wangu Aliponipigia Debe

Katika chuo chetu hapa Kitale, mhadhiri akipata nafasi ya kwenda ng'ambo, mimi huwa wa kwanza kujua na wa kwanza kusahauliwa. Mimi ni msajili. Fomu ya likizo inapita mezani kwangu, nahakikisha tarehe, napiga muhuri, namtakia safari njema. Baada ya miezi kadhaa mtu anarudi na koti zito analolivaa hata jua likiwaka, anakunywa kahawa bila maziwa katika mji uliozungukwa na ng'ombe wa maziwa, na ananiletea sumaku ya kubandika kwenye friji. Friji yangu ina mnara, daraja, kanisa refu jembamba na ng'ombe mwenye kengele shingoni. Mimi mwenyewe ng'ambo niliyoijua ni ile ya Malaba, mpakani na Uganda. Tulikuwa tukivuka kwenda kununua vitenge, tunarudi Bungoma siku hiyo hiyo.

Zamani nilikuwa nikisema sina wivu. Nilikuwa nao. Nilikuwa nikiwauliza kuhusu theluji kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kisha naenda nyumbani nawaza theluji jioni nzima.

Basi siku moja tangazo likaingia kwenye barua pepe ya ofisi. Ufadhili wa miezi sita katika chuo kikuu cha nchi moja ya baridi. Safari hii haukuwa wa wahadhiri. Ulikuwa wa wasimamizi: wasajili, watu wa mitihani, watu wa makaratasi kama mimi. Ukichaguliwa utaketi na wasajili wenzako wa huko, uone wanavyofanya kazi, nao wakusikilize wewe unavyofanya. Nilisoma nikiwa nimesimama. Matangazo ya aina hiyo huwa nawatumia wahadhiri na kuongeza "kwa taarifa yenu". Hili sikumtumia mtu. Kisha nikafika kwenye masharti ya umri, nikaona kwamba mwaka unaofuata ningekuwa nimeshapita. Ningeomba mara moja tu, na nikikosa ningekuwa nimekosa kabisa.

Fomu yenyewe ilitaka nieleze uongozi wangu. Nikaandika kwa moyo wote, nikampelekea rafiki yangu wa idara ya Kiingereza, ambaye alishakwenda na kurudi (yeye ndiye mwenye ng'ombe wa kengele). Akasoma ukurasa mmoja, akavua miwani.

"Madamu, hii 'sisi' ni akina nani? Tulipanga, tulitatua, tulisimamia. Kwani mnaenda wangapi?"

"Sasa nisemeje?"

"Sema mimi. Mimi nilipanga. Mimi nilitatua. Hawa watu hawajui sisi."

Kwetu Kabuchai mtu anayesema mimi nilijenga, mimi nilisomesha, watu humwacha amalize, kisha wanamngojea aanguke. Lakini nilitaka kwenda. Nikafuta kila "sisi" nikaweka "mimi", na nilipoisoma tena niliona haya kama mtu aliyeendelea kuimba baada ya kwaya kunyamaza.

Zikabaki barua za mapendekezo. Tatu: moja kutoka kwa mwajiri, moja kutoka kwa mwalimu aliyenifundisha, moja kutoka kwa kiongozi wa jamii. Maagizo yalisema kila mmoja aandike kwa maneno yake mwenyewe, na mwombaji asione kilichoandikwa. Hapo nilicheka mpaka msaidizi wangu akachungulia mlangoni. Aliyeandika maagizo hayo hajawahi kufanya kazi katika ofisi zetu. Huku mtu anayetaka kusifiwa anajiandikia sifa, na mkubwa anatia sahihi. Hakuna anayeona ni udanganyifu. Ni adabu tu, kwa sababu huwezi kumbebesha mtu mzima kazi ya kukutungia barua kana kwamba yeye ni karani wako. Mimi mwenyewe nimemwandikia mkuu wetu barua za kuwasifu wahadhiri nisioweza kuwahesabu. Nusu ya zile sumaku ni matunda ya Kiingereza changu.

Nilianza na kiongozi wa jamii. Jumamosi nikashuka Kabuchai, nikamchukua mama, tukaenda kwa mchungaji wetu. Tulimkuta kwenye shamba lake la miwa, akatukaribisha kivulini, nikamweleza.

"Dada, hiyo si shida," akasema. "Wewe andika vile unataka, mimi nitapiga muhuri ya kanisa. Rakini usisahau kuweka ati umeokoka."

"Na aweke ati hajawahi kugombana na mawifi," mama akadakia.

"Aweke," mchungaji akakubali.

 Njiani kurudi mama akauliza, "Sasa hawa watu, kabla wakupereke huko kwao, si wakuje tu hapa waulize majirani?" Nikamwambia ni mbali. Akasema kama ni mbali kwao kuja, basi ni mbali kwangu kwenda pia. Nikabadilisha mazungumzo tukaongea juu ya mahindi.

Mwalimu wangu wa zamani alishastaafu, sasa anafuga kuku karibu na Mabanga. Alinipokea kwa furaha kubwa na hakunikumbuka hata kidogo. Nilipomtajia darasa langu akasema aa, darasa hilo lilikuwa zuri sana. "Niandikie, unitumie kwa simu," akasema. "Macho yangu siku hizi ni ya kuangalia kuku tu." Nikaondoka na trei ya mayai, na jukumu la kukumbuka kwa niaba yake jinsi nilivyokuwa mwanafunzi hodari.

Wa tatu ni mkuu wa chuo. Inafaa nimweleze. Familia yake ilitoka katikati ya nchi zamani, ikapata shamba kule Endebess, na ingawa yeye ni mkuu wa chuo siku za kazi, ni mkulima wa mahindi siku zote. Anaweza kuwa anaongoza mkutano wa bodi, mvua ianze kupiga mabati, na ukaona macho yake yamekwenda shambani. Si mtu mbaya. Hana tu desturi ya kutazama kilicho karibu naye maadamu kinafanya kazi.

"Barua gani tena, Madamu?" akaniuliza. "Si wewe ndio huandika barua? Andika, uniletee nisaini. Na uweke mambo mazuri mazuri."

Barua ya mchungaji niliimaliza kabla chai haijapoa. Nilijiokoa, nikajipatanisha na mawifi wote. Ya mwalimu wa Mabanga niliipamba kwa maneno marefu, kwa maana alikuwa mtu wa maneno marefu enzi zake. Ya mkuu ndiyo iliyonishinda. Ili kuiandika ilibidi nijue yeye ananionaje, na nilipokaa kukumbuka miaka yote ambayo tumefanya kazi mlango kwa mlango, sikupata kitu. Niliyakumbuka maneno yake kwangu: Madamu, wakaguzi wanakuja lini? Madamu, hii barua nimjibu nani? Madamu, kuna stempu? Katika sherehe ya kufunga mwaka aliwashukuru wapishi, dereva, timu ya mpira, bodi na Mwenyezi Mungu. Hotuba ile niliiandika mimi, na mtu hawezi kujitia katika hotuba ya bosi wake.

Mwishowe nikaandika kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mvumilivu, na hufanya kazi vizuri hata nikiwa nimelemewa. Nilipoisoma nikaona hakuna sifa hata moja pale ambayo punda wa kubeba maji hastahili. Nikampelekea. Alikuwa anatoka kwenda Endebess, pikapu imejaa mbolea. Akaiweka barua juu ya boneti, akaweka sahihi bila kuisoma, na pamoja nayo akaweka sahihi kwenye fomu ya kuniruhusu kuondoka miezi sita. "Muhuri si uko na wewe?" akauliza. Nikasema uko na mimi. Akaingia kwenye gari.

Niliumia. Sikutarajia kuumia, maana ndivyo tunavyofanya kila siku, na ni mimi niliyekuwa nimetoka kuwacheka wazungu kwa kutojua. Lakini nilikuwa nimesimama pale na sifa zangu mkononi, bado za moto, na hakuna mtu aliyekuwa amezisoma ila mimi.

Hata hivyo nikaitwa kwenye usaili. Ungefanyika kwenye kompyuta, kwa hiyo nikajifungia katika chumba cha mikutano na nikabandika mlangoni ile karatasi ya "Mtihani Unaendelea", ambayo ndiyo karatasi pekee inayoheshimiwa katika chuo chetu. Walikuwa watu watatu, wapole, kila mmoja na kikombe chake. Waliniuliza mengi nikayajibu. Karibu na mwisho mwenyekiti wao, mama mmoja wa rika langu, akauliza: ukiondoka kwa miezi sita, ofisi yako itakuwaje?

Kuhusu swali hilo nilikuwa nimeonywa. Rafiki yangu wa ng'ombe wa kengele alisema hapo ndipo wanapoangalia sana, kwa sababu waliwahi kumpa mtu nafasi, chuo chake kikamwita arudi katikati. Nikajibu kwamba nina naibu niliyemfundisha mwenyewe, kwamba kazi yote ina utaratibu, kwamba pengo langu halitaonekana. Wakatabasamu, wakaandika. Nilijua nimejibu vizuri. Nilijua pia kwamba nimetoka kuwaambia watu nisiowajua kwamba nikiondoka hakuna atakayeshtuka, na kwamba wameniamini bila shida yoyote.

"Tutazungumza kidogo na mkuu wako," mwenyekiti akasema. "Ni utaratibu tu."

Nikaenda kwa mkuu moja kwa moja. "Bosi, watakupigia simu. Watataka kujua kama mnaniruhusu."

"Madamu, wewe tulia," akasema. "Mimi nitakupigia debe mpaka wao wenyewe washangae."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Ningeweza kumwandikia la kusema, mistari michache tu, angeisoma kama alivyosoma hotuba zangu zote. Nikaiangalia kalamu, nikaiangalia meza yake, na nikaondoka. Nilitaka mara moja katika maisha yangu aseme mwenyewe.

Simu ilimkuta Endebess, katikati ya kupukuchua mahindi. Haya alinisimulia Jumatatu asubuhi. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaagiza chai ya watu wawili, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kwa kuwa chai ya watu wawili huwa ni ya wakaguzi au ya kufukuzwa kazi.

"Walipiga," akasema, amejaa furaha. "Nikaambia hawa vijana wazime mashini. Na wingu ilikuwa imesimama pale Mlima Elgon, nyeusi! Nikasema zima, hii ni maneno ya Madamu."

Nikakaa. Mkuu kuzima mashine ya mahindi wakati wa mawingu si jambo dogo.

"Nikawaambia, huyu mama ndio chuo. Mimi ni jina tu kwa mlango. Nikawaambia ile wakati wanafunzi waligoma, wakakuja kuchoma stoo ya rekodi. Askari walitoroka. Mimi mwenyewe, sitakuficha, nilikuwa nimejifungia hapa ndani nikiangalia kwa dirisha. Na ni yeye alienda akasimama kwa huo mlango na sweta yake, akaanza kuwaita majina. Mmoja mmoja, bana! Wewe wa Kimilili, mamako anajua uko hapa? Wakaacha mawe, wakaenda kulala."

Sikujua kuna mtu aliyeniona siku ile. Nilikuwa nimeuegemea ule mlango kwa woga.

"Nikawaambia wakati mama yangu aliaga dunia, ni nani alitafuta basi ya wafanyikazi ikuje Endebess? Na akakumbuka kubeba sufuria, sababu alijua watu watakuwa wengi na zetu hazitatosha. Mimi sikuwa nimefikiria sufuria. Nilikuwa nalia tu. Nikaona mtu anashusha sufuria, nikajua sasa tutazika mama vizuri."

Akakoroga chai ambayo alishaikoroga.

"Sasa wakaniuliza, huyu anaweza kuachiliwa miezi sita? Nikacheka. Nikawaambia, miezi sita? Huyu akienda hata wiki moja tunafunga geti! Hatuwezi kumwachilia. Hakuna mtu hapa anaweza hiyo kazi. Huyo naibu wake bado ni mtoto." Akapiga meza kwa kiganja. "Wakanyamaza kabisa, Madamu. Kimya. Walishangaa."

Furaha ndiyo iliyofika kwanza. Nataka hilo lieleweke. Kabla sijaelewa kilichotokea, nilijawa na furaha ambayo sijui kama theluji ingenipa. Halafu ndipo nikasikia baridi ikinipanda kutoka miguuni.

Kwa sababu nilijua alichosema, na nilijua walichosikia. Huku kwetu hakuna sifa inayoipita hiyo. Baba wa bibi arusi husimama mbele ya wakwe akasema binti huyu hatumtoi, akiondoka nyumba hii itaanguka, na hema la harusi limeshalipiwa. Mgeni akiaga tunamwambia hatukuachilii ng'o, huku tukimfungia mayai ya njiani. Unayemkubalia aende upesi ndiye uliyemtukana. Laiti mkuu angewaambia aende tu, tutajimudu, angejiona amenivunjia heshima mbele ya wageni, naye ni mtu mwenye adabu. Alikataa kuniachilia kwa nguvu zake zote, ili wajue mimi ni nani.

Huko upande wa pili wa simu kulikuwa na mama wa rika langu, mwenye kikombe, aliyeuliza swali moja rahisi na kujibiwa "hatuwezi".

Nilijaribu kulirekebisha. Nikafungua barua pepe, nikaandika kwamba mkuu wangu alikuwa ananisifu tu. Nikafuta, maana ilisomeka kama mfanyakazi anayemzunguka bosi wake. Nikaanza kuandika kwamba katika utamaduni wetu... Nikafuta hiyo pia, maana kila mtu anayekwama huanza kusema utamaduni wetu. Mwishowe niliwakumbusha kwa upole kwamba fomu ya ruhusa walikuwa nayo tayari, yenye sahihi ya mkuu na muhuri wa chuo. Walijibu kwamba waliiona, lakini mazungumzo ya simu wanayapa uzito zaidi kuliko fomu. Mimi ninayejua sahihi ile ilivyopatikana, juu ya boneti, kando ya mbolea, sikuweza kusema wamekosea.

Jibu lenyewe lilikuja muda si mrefu. Walisikitika. Maombi yangu yalikuwa mazuri sana, lakini chuo changu hakikuonekana kuwa tayari kwa muda ambao nisingekuwepo. Wakaongeza, kwa wema wa kweli nadhani, kwamba wamefurahi kuona jinsi mwajiri wangu anavyonithamini. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia, si kilio cha kistaarabu. Nikampigia mama. Akasema pole, kisha akasema huko baridi ingeniua, kisha akasema pole tena, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

Mkuu alisikia kutoka kwa naibu wangu. Alikuja ofisini kwangu mwenyewe, yeye ambaye huwa anaita, akasimama mbele ya meza na kofia mkononi.

"Hawa watu ni wabaguzi, Madamu," akasema. Alikuwa amekasirika kweli, macho yamekuwa mekundu. "Na vile nilikusifu! Mimi sijawahi kusifu mtu hivyo. Hata bibi yangu siku ya harusi." Akaizungusha kofia. Halafu akaniangalia, akauliza kwa sauti ndogo, "Ama kuna kitu nilisema mbaya?"

Jibu lilikuwa limefika mdomoni. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulisema, na haki ya kulisema nilikuwa nayo. Lakini nilimwona jinsi angelipokea. Angerudi kesho kuniomba msamaha. Angesema hakumaanisha, alitia chumvi tu, naibu wangu angeweza kabisa kuishika ofisi. Angeyachukua yale maneno moja baada ya jingine, mlango wa stoo, basi la mazishi, sufuria, na kila moja angeliita kosa. Ng'ambo nilikuwa nimeshaikosa. Sikuweza kukosa na hayo.

"Hapana, Bosi," nikamwambia. "Ulisema vizuri sana."